Shuka Lisilofunguliwa
Sehemu ya tisa

"Ndiyo," alisema Pembenne.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, amesimama kizimbani, neno limeshamtoka na halirudi. Kwa msomaji aliyetukuta njiani, swali lenyewe lilikuwa hili: "Mama, maneno haya yote ulifundishwa, sivyo?"

Na yeye akajibu ndiyo.

Wakili wa utetezi hakuongeza kitu. Alikaa taratibu kama mtu aliyeshiba, akanyoosha mikono ya koti, akamtupia jicho mteja wake. Mteja wake, msimamizi wa kiwanda cha kufulia nguo, alikuwa anatazama kucha zake.

Feni ya dari ilizunguka ikilia kwi, kwi, kama inayoomba mafuta.

Pembenne aliona watu wamenyamaza, akadhani amejibu vizuri. Akatabasamu.

Pembenne si jina alilopewa na wazazi wake. Ni mwanamke wa miaka arobaini na moja. Akili yake ilikwenda polepole tangu kuzaliwa, ikafika mahali ikaketi. Hajui kusoma, saa ya ukutani haimwambii kitu, na hesabu yake inaishia nne. Lakini mpe shuka. Shuka lina pembe nne, na kwa miaka kumi na tisa hakuna shuka lililotoka mikononi mwake likiwa na pembe moja imeizidi nyingine hata kwa upana wa ukucha. Jina hilo alipewa na mpiga pasi, mwanamke aliyekuwa akikunja naye mashuka makubwa, maana shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Na yeye akamwita mpiga pasi Mwenzangu. Hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo.

Mwenzangu amekufa. Alifia ndani ya chumba cha pasi, mchana kweupe, moto unawaka ndani na mlango una kufuli nje.

Msimamizi ameshtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Anasema hakufunga yeye. Anasema kufuli lile halijui. Siku ya kwanza alimwaga funguo zake zote mezani mbele ya mahakama, kila mmoja na uzi wake mwekundu, zikajaribiwa moja baada ya nyingine. Hakuna uliofungua.

Aliyekuwa karibu na mlango ule siku ile alikuwa mtu mmoja tu. Meza yake ya kukunjia ilikuwa hatua tatu kutoka pale. Ndiye huyu anayetabasamu.

Mwendesha mashtaka akasimama. Ni dada mdogo wa umri, mwembamba, miwani inamteleza puani kila akiinama.

"Mheshimiwa, naomba kumuuliza shahidi maswali machache."

"Uliza," alisema hakimu.

"Dada yangu, unanisikia?"

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyekufundisha?"

"Ndiyo."

Wakili wa utetezi alicheka kwa mabega.

"Na Mheshimiwa Hakimu naye alikufundisha?"

"Ndiyo."

Hakimu akainua kichwa.

"Na yule wakili aliyekaa pale, aliyekuuliza sasa hivi. Na yeye alikufundisha?"

"Ndiyo."

Mabega ya wakili yakatulia.

"Mimi ni shangazi yako?"

"Ndiyo."

Kwenye mabenchi ya nyuma mtu alikohoa ili asicheke.

Mwendesha mashtaka alivuta pumzi. Swali lililofuata alilitoa kama mtu anayetoa mwiba mguuni kwa mtoto.

"Wewe ni mwanamume?"

"Ndiyo," alisema Pembenne.

Chumba kikalipuka kwa kicheko. "Mwulizeni ndevu amezinyoa lini," sauti ilisema kutoka nyuma, na kicheko kikapanda tena. Karani akagonga meza kwa kiganja.

Pembenne naye alicheka. Watu wakicheka, naye hucheka. Ukicheka na watu unakuwa kama uko nao. Kisha akaona yule wa miwani hacheki. Macho yake yamelowa nyuma ya vioo. Pembenne akaacha kucheka, akatoa leso yake, akaanza kuikunja. Pembe kwa pembe.

"Nisamehe, dada," mwendesha mashtaka alisema chini chini.

"Ndiyo."

Hakimu aliweka kalamu chini. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kupaza.

"Mama, nani alikufundisha kujibu ndiyo?"

Pembenne alifungua mdomo. "Ndi..." Akakwama. Swali halikuwa na mahali pa kuiweka ndiyo. Aliligeuza kichwani kama shuka ambalo hajui upande wa juu ni upi.

"Nani?" hakimu alirudia, bila haraka.

"Bosi."

"Alisemaje?"

"Alisema hapana ni neno la wakubwa. Mimi nikilisema, narudi nyumbani nikakae."

"Na nyumbani kuna nani?"

Pembenne alifikiri.

"Ukuta," alisema.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Basi watu wengi mle ndani walidhani upepo umegeuka. Mwendesha mashtaka mwenyewe alidhani hivyo, akakaa akipangusa miwani. Lakini wakili wa utetezi alikuwa ameshasimama, jalada mkononi, uso umekunjuka.

"Mheshimiwa, namshukuru sana dada yangu msomi. Amenifanyia kazi niliyokuwa nimeiandaa kwa wiki mbili." Akafungua jalada. "Siku ya kwanza shahidi huyu aliulizwa: ulimwona mshtakiwa akifunga mlango? Jibu, ndiyo. Polisi walimuuliza: ni huyu? Jibu, ndiyo. Leo dada yangu ametuonyesha kwamba ndiyo ya mama huyu haina uzito wa unyoya. Sasa mimi nauliza, ilikuwa na uzito lini?" Akafunga jalada. "Naomba ushahidi wake wote ufutwe."

Kitambaa cha kupangusia miwani kilisimama hewani.

Bila ushahidi wa Pembenne hakuna kesi. Hilo alilijua hakimu, alilijua karani, hata mfagiaji wa korido alilijua.

"Nusu saa," hakimu alisema. "Nikirudi nitatoa uamuzi."

*

Korido ya mahakama ilikuwa na benchi la watu wanne. Pembenne alikaa mwisho. Mama mmoja aliyekuwa amekaa mwisho wa pili alimtazama, akachukua mkoba wake, akahamia kusimama dirishani.

Benchi la watu wanne, mtu mmoja. Pembenne alipapasa nafasi tatu zilizobaki.

Dada yake alitokea mlango wa nje na mkate uliofungwa kwenye karatasi. Ni mkubwa wake kwa miaka tisa, na tangu mama yao afariki wanaishi wawili.

"Kula."

"Dada, wamecheka."

"Wamekucheka wewe."

"Na mimi nimecheka."

Dada alikaa, lakini si karibu. Katikati yao angetosha mtu.

"Dada, mto wangu umekauka?"

"Bado."

"Jana ulisema bado."

"Na leo nasema bado. Vitu vizito havikauki upesi."

"Si kizito."

"Kula mkate, wewe."

Pembenne alikula kidogo. Halafu akauvuta mkono wa dada yake, akaupeleka puani, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekutana na mtu wake njiani.

"Unanukia kama kazini."

Dada akaunyakua mkono. "Sabuni ni sabuni."

"Hiyo ni ya pipa la kiwandani."

"Nimekwambia sabuni ni sabuni. Usinitie aibu mbele za watu." Aliangalia huku na huku, akashusha sauti. "Nisikilize. Ukirudi mle ndani, sema hujui. Yaishe. Nimechoka, mdogo wangu. Tangu mama atutoke, nimekubeba mimi peke yangu."

"Natembea mwenyewe," alisema Pembenne.

Dada akapangusa makombo ya mkate mapajani.

Hatua za viatu vigumu zilisikika. Msimamizi alikuja peke yake, wakili wake amebaki nyuma akiongea kwenye simu. Mshtakiwa haruhusiwi kusema na shahidi, na yeye alilijua hilo. Alisimama mbele ya ubao wa matangazo, mikono nyuma, akawa kama anasoma tarehe za kesi za watu wengine.

"Pembenne," aliuambia ubao.

Miguu ya Pembenne ilisimama yenyewe. Miaka kumi na tisa si mchezo.

"Abee, bosi."

"Meza yako ipo. Jumatatu unaweza kuanza."

Meza yake. Mbao zake zilizolainika kwa mikono, joto la mvuke, nguo zinazofika zimekunjamana na kuondoka zimenyooka. Tangu moto ule hajakunja kitu ila leso.

"Lakini hakimu akiniona mimi mbaya," ubao uliambiwa, "kiwanda kinafungwa. Na meza nayo inakwenda. Umenielewa?"

"Ndiyo, bosi."

"Ukiulizwa, hujui."

"Ndiyo, bosi."

Akaondoka zake. Hakumsalimu dada, na dada hakumsalimu yeye, watu waliojuana miaka yote hiyo.

Pembenne alibaki amesimama.

"Meza ipo," alimwambia dada yake. "Jumatatu."

"Umesikia basi. Sema hujui."

"Nani atashika upande wa pili?"

Dada akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

*

Hakimu alirudi kabla ya nusu saa kuisha.

"Nimekaa nikafikiri," alianza. "Tumemuuliza mama huyu maswali sitini na matatu, sisi tuliosoma. Karibu yote ni ya ndiyo au hapana. Na tumeona wenyewe kwamba katika maneno hayo mawili, yeye ameachiwa moja. Sasa kosa ni la nani?"

"Mheshimiwa," wakili aliinuka, "ndiyo maana naomba..."

"Kaa, wakili. Wewe sijakuuliza."

Wakili akakaa.

"Mama," hakimu alimgeukia Pembenne, "sasa sikuulizi kitu. Nataka unionyeshe. Siku ile kabla ya moto ulikuwa unafanya nini?"

"Nakunja."

"Nionyeshe unavyokunja."

Pembenne alitazama mikono yake, akatazama chumba. "Shuka liko wapi?"

Meza ya vielelezo ilikuwa imetandikwa kitambaa kirefu cha kijani. Hakimu aliamuru vitu viondolewe: rundo la funguo zenye nyuzi nyekundu, na lile kufuli jeusi lililoungua, bado limebana pete ya mlango. Askari akavihamisha. Pembenne akashuka kizimbani, akashika pembe mbili za kitambaa.

Akasimama hivyo. Upande wa pili wa kitambaa ulining'inia sakafuni.

Dakika ikapita.

"Anasubiri nini?" wakili alinong'ona, kwa sauti ya kusikika.

"Mwenzangu," alisema Pembenne.

Mwendesha mashtaka aliinama akawa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake, na hakukipata upesi.

"Karani," alisema hakimu. "Shika upande wa pili."

"Mheshimiwa?"

"Pembe mbili. Shika."

Karani alikuwa mzee mkavu ambaye kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya watu wengine. Alifunika kalamu yake, akazunguka meza, akaokota pembe zake mbili kwa ncha za vidole.

"Vuta," alisema Pembenne.

Watu waliinua vichwa. Haikuwa ile sauti ya ndiyo. Ilikuwa sauti pana, ya mtu aliyezoea kupita juu ya kelele za mashine.

Karani akavuta.

"Sema nimevuta. Kule mashine zinanguruma. Usipojibu sitajua kama umeshika."

"Nimevuta," alisema karani, amejikunja kwa haya.

"Kutana."

Karani akabaki pale pale.

"Unakuja," Pembenne alimwelekeza. "Na mimi nakuja."

Wakaja. Hatua nne yeye, hatua nne karani, mpaka mikono yao ikagusana na pembe zikalala juu ya pembe. Pembenne alisubiri. Macho yake yalikuwa usoni kwa karani, yanasubiri, kama ya mtu aliyebisha hodi akasikia kuna watu ndani.

Hakuna aliyemfundisha karani. Alisema mwenyewe, polepole:

"Tumekutana."

Tangu siku ya moto, hakuna mtu aliyemwambia neno hilo.

"Siku ile," hakimu alisema, "mlikuwa mnakunja hivi. Kisha?"

Kitambaa kikiwa mikononi, maneno yalimjia. Yalikuja mafupi mafupi, lakini yalikuja.

"Bosi akaja. Akasema Mwenzangu aende kwenye pasi, mzigo wa hospitali umechelewa. Wengine wamekwenda kula. Akaingia. Bosi akafunga."

"Alifungaje?"

Pembenne alimwachia karani kitambaa. Akausukuma mlango ambao haukuwepo, akapachika kitu, akakibana, akakitikisa mara mbili. Mkono wake ukazungusha, ukachomoa. "Akasema asitoke kupunga upepo mpaka mzigo uishe."

"Mheshimiwa, napinga..."

"Kaa. Endelea, mama. Halafu?"

"Moshi. Chini ya mlango." Alichukua tena kitambaa chake. "Mwenzangu akaita."

"Aliita nini?"

Feni ilizunguka. Kwi, kwi.

"Kutana," alisema. "Aliita, kutana. Mimi nikasema, nimevuta. Nikavuta mlango. Haukuja. Akaita tena."

"Mara ngapi?"

"Nne," alisema Pembenne. Akafikiri. "Halafu nyingine."

Hakimu alichukua kalamu, akaiweka tena chini.

"Na msimamizi?"

"Akaja mbio. Ufunguo mkononi. Kule mwisho watu wanakuja na ndoo. Akawatazama. Akautazama ufunguo. Mimi nimeshika shuka. Akauweka kwenye shuka langu. Akasema, kunja."

Kalamu ya karani ilikuwa mezani na hakuna aliyekuwa anaandika. Mwendesha mashtaka alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama.

"Ukafanyaje?"

"Nikakunja."

"Ulikunja nini, mama?"

"Shuka. Na ufunguo. Una uzi mwekundu." Mikono yake ilikuwa imeshaanza, haikungoja kuambiwa. Kitambaa cha kijani kilikutana na kijani, kikapungua nusu, kikapungua nusu tena. "Bosi akapiga kelele, moto, moto, akakimbia. Mwenzangu anaita. Mimi nakunja. Ameniambia kunja. Pembe kwa pembe. Anaita, nakunja. Nilipomaliza, haiti tena."

Kitambaa kilikuwa kimekuwa bahasha ndogo ya kijani. Aliikumbatia.

Huko kwenye mabenchi ya nyuma, yule aliyefanya mzaha wa ndevu alikuwa amejiinamia.

"Kwa nini haya hukuyasema siku zote hizi?" hakimu aliuliza.

"Hakuna aliyeniuliza nilikunja nini."

Msimamizi hakutazama kucha tena. Alimtazama wakili wake, na wakili alikwisha inuka. Alikuwa mtu wa kazi yake. Alijua mlango mmoja bado uko wazi, na ufunguo wa mlango huo alikuwa nao. Akamsogelea Pembenne mpaka karibu, akainama kidogo, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mgonjwa anywe dawa.

"Pembenne." Kwa mara ya kwanza alimwita hivyo. "Pole sana. Ulimpenda mwenzako. Usiku unalala, unamwota. Eh? Haya mambo ya ufunguo uliyaota, sivyo? Ni ndoto tu."

Maisha yake yote, swali la aina hiyo lilikuwa na jibu moja.

Pembenne aligeuka kumtafuta bosi. Bosi alikuwa anamtazama. Akatikisa kichwa polepole, kukubali, vile vile alivyokuwa akitikisa kazini rundo la mashuka likiisha na hakuna kasoro. Meza yako ipo.

Aliiona meza. Aliiona yote, tangu pembe hii hadi pembe ile. Mvuke, mbao laini, mashuka meupe marefu. Akaliona shuka moja linaning'inia kutoka mikononi mwake kwenda upande wa pili, na upande wa pili limegusa sakafu. Jumatatu, na Jumatatu nyingine, limegusa sakafu.

"Ni ndoto tu," wakili alirudia. "Sivyo?"

Midomo ya Pembenne ilifanya umbo la neno lake la siku zote. Watu waliokaa mbele wameapa waliliona neno hilo limefika kwenye meno.

"Hapana," alisema.

Alilisema vibaya, kama mtu anayetembea na kiatu kipya. Akaangalia pande zote kuona nani atamrudisha nyumbani. Hakuna aliyeinuka. Basi akalijaribu tena, safari hii kwa yule aliyemkataza.

"Hapana, bosi."

Wakili akanyoosha mgongo na kurudi kitini.

"Mama," hakimu alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo, "shuka hilo liko wapi?"

"Nyumbani. Nilitoka nalo. Hakuna aliyelichukua."

"Ulilifungua?"

Pembenne alimshangaa. "Shuka likikunjwa halifunguliwi. Ni la mteja." Kisha akaona aibu, kwa maana alikuwa amekaa na mali ya mteja miezi mingi. "Nalilalia. Ndio mto wangu."

"Na ufunguo umo ndani mpaka leo?"

"Umo. Unaniumiza sikio."

Mwendesha mashtaka alishika ukingo wa meza. "Mheshimiwa, naomba askari waende sasa hivi nyumbani kwa shahidi."

"Mto haupo kitandani," alisema Pembenne. "Dada ameuchukua kuufua. Wiki nzima haujakauka."

Hakimu na mwendesha mashtaka walitazamana.

"Dada yako ni yupi?" hakimu aliuliza, taratibu.

Pembenne alifurahi. Siku zote tatu za kesi, kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumwonyesha: wakili ana mteja, yule wa miwani ana polisi wake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye ana nani. Aligeuka, bahasha ya kijani kwapani, akanyoosha kidole kwenye benchi la tatu.

"Yule pale."

Kwenye benchi la tatu kulikuwa na nusu mkate ndani ya karatasi.

Mlango wa mahakama ulikuwa unapepea, unakwenda na kurudi kwenye bawaba zake, kama mlango aliopita mtu mwenye haraka. Msimamizi alikuwa anautazama mlango ule, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, alikuwa ameegemea kiti na mabega yameshuka.

"Askari," hakimu alisema. "Mfuateni yule mwanamke."

Viatu vikagonga sakafu kuelekea nje. Lakini kabla havijafika, gari liliwashwa uani. Liliguta mara mbili, likashika. Watu wengine walisikia gari tu. Pembenne alilijua. Kwa miaka kumi na tisa lilikuwa likimletea mashuka kila asubuhi: gari la kiwanda.

Alipiga hatua moja, hatua mbili, mpaka katikati ya chumba, kidole bado kimenyooka kwenye benchi tupu. Akaelekeza uso mlangoni. Akaita kwa ile sauti pana ya kazini, inayopita juu ya mashine:

"Kutana."

Kisha akasimama kimya, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza jibu.